Mikono Themanini ya Kushoto

"Hiyo redio inanilia namba," Rula alisema, na ilikuwa mara ya tatu tangu asubuhi. "Nikishika kumi na tisa na nusu, inakuja inaichukua, nabaki na nusu."

Mama Vifungo, ambaye kazi yake ni matundu ya vifungo na kwa hiyo anaamini hakuna kazi nyingine chumbani inayohitaji akili, alimjibu bila kuinua kichwa kwamba redio ile imekaa juu ya kabati miaka sita, imekula umeme tu, namba haijawahi kula hata moja. Chumba kizima kikacheka. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti, maana Rula ni mke wa kaka yangu, na mtu akitaniwa mbele ya wifi yake, wifi ndiye anayetakiwa kuonyesha mfano.

"Basi ipunguzeni," alisema Rula.

"Tukiipunguza hatuisikii," Mama Vifungo akamwambia. "Redio isiyosikika ya nini, mama? Pambo?"

Rula akaweka mkasi mezani, akaziba masikio kwa viganja, akaenda kusimama kwenye kona ya ngazi akiutazama ukuta. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, mama wa watoto wawili, amejipa adhabu ya darasa la kwanza bila kutumwa na mwalimu. Tulimpa dakika moja ya heshima, kisha mtu akaiongeza redio sauti kidogo ili ajue hajatukosesha raha.

Akarudi, akakata. Ilikuwa oda ya makoti arobaini ya shule. Kwa asiyejua kazi hii, koti lina mikono miwili, na hiyo mikono haifanani. Inatazamana kama mtu na kioo chake. Kitambaa cha makoti yale kilikuwa na uso na mgongo, uso unang'aa, mgongo umefifia. Ukikitandaza tabaka juu ya tabaka, nyuso zote zikitazama juu, unachora mkono mmoja, kisha unaigeuza karatasi ya kukatia chini juu ndipo unachora wa pili. Kugeuza karatasi tu. Mwanafunzi wa wiki mbili analijua hilo. Rula alichora, akachora tena, hakugeuza. Jioni tuliposhika vipande tushone, tukakuta mikono themanini, yote ya kushoto. Labda kuna shule mahali fulani ya watoto wasio na mkono wa kulia, lakini haikuwa imeleta oda kwetu.

Chumba chetu cha ushonaji kiko ghorofani, juu ya duka la misumari na rangi. Unapanda ngazi ishirini na mbili. Cherehani kumi na moja zimepangwa kufuata dirisha, ubao wangu wa pasi uko karibu na soketi pekee isiyotoa cheche, na katikati, kama kitanda cha mfalme, imelala meza ya kukatia yenye urefu wa mita nne. Anayesimama pale ndiye mkataji, na mkataji akikosea, sisi wengine wote tunashona makosa yake. Rula alikuwa amesimama pale miaka kumi na minne. Hakuwa na cheti, hakuwa na duka, hakuwa na mjomba ofisini. Alikuwa na ile meza. Na msimu ule nusura imponyoke.

Ufundi hakuufundishwa shuleni. Shangazi yake alikuwa akishona mapazia nyumbani, na yeye tangu ana miaka tisa alikuwa akishikilia ncha ya pili ya kitambaa. Mwenye kushikilia ncha ya pili hana la kufanya ila kutazama, basi akatazama mpaka macho yake yakawa tepu. Mteja akiwa bado ngazini anahema, Rula ameshasema: kiuno inchi thelathini na sita, ila atatuambia thelathini na nne. Mteja akifika juu anasema thelathini na nne. Ndipo akaitwa Rula, na hata mumewe siku hizi humwita hivyohivyo.

Tena alikuwa haandiki. Vipimo vya shule nzima, watoto mia mbili, alikuwa akiviweka kichwani darasa kwa darasa, na akivihitaji anaviita vinakuja. Wakataji wengine hujaza madaftari. Yeye alikuwa akiona aibu, kama mpishi anayesoma maandishi kwenye pakiti ya chumvi. Tajiri wetu, mama mwenye chumba, aliipenda sana tabia hiyo, kwa sababu kichwa cha Rula hakikuhitaji kununuliwa kalamu.

Mwaka juzi homa ilipanda zile ngazi ikatuangusha watu saba. Wiki mbili, kikohozi, viungo, tukaamka. Rula naye aliamka, lakini aliamka kama cherehani iliyokatika mkanda: unakanyaga, gurudumu linazunguka, sindano haishuki. Analala saa kumi nzima, anaamka kama aliyepakua lori la saruji. Anaanza sentensi vizuri, katikati inamkimbia. Chaki aliyoishika maisha yake yote akawa anaiomba kwa kuichezea vidole hewani: nipe ile, ile ya, ile nyeupe. Siku moja aliosha nywele na kuzichana, kesho yake na keshokutwa yake hakutoka kitandani. Nywele! Mimi nina watoto wanne na pasi ya kilo tatu, na sijawahi kuomba likizo ya nywele.

Ushauri hatukumnyima. Tulikuwa nao mwingi, wa bure, na kila mmoja wetu aliutoa kwa moyo mweupe. Mama Vifungo alimwambia awe anaamka alfajiri akimbie, maana kwa maoni yake mtu aliyechoka bado hajachoka vya kutosha. Daktari wa kwanza alimpima damu akasema damu ni nzuri, akampongeza. Daktari wa pili alisema ni mawazo, aache kufikiri sana. Ushauri ambao Rula, kwa hali aliyokuwa nayo, alikuwa ameshaanza kuutekeleza. Na mimi nilikuwa nikisema, tena ukumbini mbele za watu, kwamba kama kuchoka ni ugonjwa basi sisi wanawake wote wa ua huu tulazwe, tuone nani atachota maji.

Sasa ile mikono themanini. Tajiri alipanda, akavitazama vipande kimoja baada ya kingine kama anayetafuta hata mkono mmoja wa kulia uliojificha kwa haya. Hakupiga kelele. Hana tabia hiyo, kelele hazirudishi kitambaa. Alisema tutavikata upya viwe mifuko na kola, na hasara iliyobaki Rula ataifidia kwa Jumapili kumi na mbili za kazi bila malipo, kutwa nzima. Zikiisha, alisema, tutaona kama meza bado inakutosha.

Kila mtu alijua maana yake. Kulikuwa na kijana mmoja mtanashati, ana cheti cha chuo na mkasi wake mwenyewe kwenye mfuko wa ngozi, aliyekuwa amekuja mara mbili "kumsalimia" Tajiri. Sisi tulimwita Cheti. Mara ya pili alipokuja aliipapasa ile meza, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

Jioni ile Tajiri aliniita pembeni. Akasema, wewe ni wifi yake, mnaishi ua mmoja, hebu nitazamie. Kama anaumwa nijue, kama ananichezea nijue. Sikuhitaji kubembelezwa. Nilinunua daftari la kurasa arobaini na nane, kwa hela yangu, nikaanza kuandika usiku ule ule. Shule nimeishia ya msingi, lakini mwandiko wangu unasomeka, na jambo la kuandika nilikuwa nalo.

Jumapili ya kwanza alifanya kazi kutwa, nikaandika. Jumatatu alikuja kama kawaida, nikaandika. Jumanne hakuja. Jumatano hakuja. Alhamisi kaja anajikokota. Niliandika saa aliyoamka, alichokula, alichosema, alichoshindwa kusema, ameketi wapi na kwa muda gani. Nilichungulia dirishani kwao mara nyingi kuliko paka. Wiki ya pili nikaandika, ya tatu, ya nne. Niliamini ninajenga kesi, na kila ukurasa nilioujaza nilikuwa nasikia kama tofali linakaa mahali pake.

Kaka yangu ndiye aliyetaka picha. Kaka yangu ni fundi wa friji, na katika maisha yake hajaona tatizo lisiloonekana ukifungua mgongo wa kitu. Alisema amechoka na maneno ya madaktari, kichwa kipigwe picha, tujue moja. Alikusanya fedha, akaazima baiskeli ya mtu akaiuza, hiyo ni kesi nyingine, na Rula akaenda akalazwa ndani ya lile bomba linalogonga kama mafundi bati. Mtu asiyeweza kuvumilia redio! Alitoka hajui kulia na kushoto, akalala siku tatu. Nikaandika.

Majibu yalikuja ndani ya bahasha kubwa. Kaka aliinua ile picha dirishani mbele ya mama yetu na watoto na mimi, akaitazama juu chini, kisha akasoma karatasi. Hakuna uvimbe, hakuna damu iliyovuja, hakuna kasoro iliyoonekana.

"Haya," alisema. "Tumelipa pesa zote hizi ili tuambiwe ubongo upo."

"Hilo nalo ni jambo," nikamwambia. "Kuna waliokuwa na mashaka."

Tulicheka sana, mimi na yeye. Rula alikuwa amekaa kwenye kochi, mgongo ameupa mwanga. Kaka akamgeukia, na sasa hakuwa anacheka. Alimwambia kwamba friji ukiifungua ukakuta hakuna kilichoungua, hakuna kilichokatika, basi tatizo ni la mtumiaji. Rula alifungua mdomo. Tulimsubiri. Alisubiri na yeye. Kisha akaufunga, akaenda chumbani, akavuta pazia. Niliandika: kashindwa kujitetea.

Wiki ya Jumapili ya tisa ilikuwa inaisha alipoitwa hospitali kubwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, ili picha ile isomwe na mwenye kuijua. Aliniomba nimsindikize. Alisema akifika mbele ya daktari maneno humtoroka, anahitaji mtu wa kumkumbushia. Nilikubali haraka sana. Daftari nililitia kwenye mkoba.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, viatu vya chini, mezani kwake kikombe cha chai iliyopoa. Nilijisemea huyu naye atatufundisha nini. Aliiweka picha kwenye ubao wa taa, akaitazama, akaitoa. Kisha akaizima taa ile, na ya darini pia, bila kuulizwa. Rula akashusha mabega yake, kwanza la kushoto, halafu la kulia.

Yule daktari alisema ugonjwa huo una jina, unaitwa uchovu sugu, na jina lenyewe ni baya kwa sababu linamfanya kila mtu adhani anaujua. Alisema picha hii inatafuta uvimbe na damu na kovu, havipo, tushukuru. Lakini haikutengenezwa kupima anachoumwa Rula. Mimi nikamuuliza, kwa adabu niliyokuwa nayo, kwamba kama ubongo ni mzima basi ugonjwa uko wapi, kwenye kisigino?

Hakukasirika. "Mama, watafiti wamelinganisha ubongo wa wagonjwa wengi wa hivi na wa watu wenye afya. Baadhi yao wameona tofauti. Katika nyaya zinazounganisha sehemu moja na nyingine, katika damu inavyopita, katika jinsi ubongo unavyojitutumua kwa hesabu ndogo ambayo wewe na mimi tunaifanya huku tunasikiliza redio. Wengine wametafuta hawakuona vilevile. Ni tofauti za kundi kwa kundi. Bado sina picha ya mtu mmoja ninayoweza kuiinua dirishani nikakwambia, tazama, huu hapa."

"Kwa hiyo hakuna ushahidi," nikasema.

"Ushahidi ninaoutafuta ni mwingine." Akamgeukia Rula. "Ukijitahidi sana siku moja, siku zinazofuata inakuwaje?"

Rula akafikiri. Niliona macho yake yakitafuta kwenye kuta kama mtu aliyepoteza funguo. Akasema, "Huwa... kuna siku nalala. Zinafuatana. Sikumbuki vizuri zinavyokwenda."

Basi nikaona saa yangu imefika. Nikafungua mkoba, nikalitoa daftari, nikaliweka mbele ya daktari nikilinyoosha pembe. Nikamwambia, yeye hakumbuki, mimi nimeandika yote, wiki tisa, asidanganywe na mtu.

Alilisoma lote. Alisoma ukurasa kwa ukurasa na kalamu mkononi, na kadiri alivyosoma ndivyo nilivyokaa vizuri kwenye kiti. Akachukua karatasi yake akachora mistari. Jumapili, kazi kutwa. Jumanne na Jumatano, kitanda. Jumapili, kazi kutwa. Jumanne na Jumatano, kitanda. Mara nane bila kukosa, na wiki ya picha siku tatu. Akaniuliza kama anaweza kutoa nakala.

"Hiki ndicho nilichokuwa natafuta," akasema. "Akitumia zaidi ya alichonacho, analipa baada ya siku moja au mbili, na analipa kwa riba. Ndiyo alama kubwa ya ugonjwa huu. Wagonjwa wangu wachache sana wanaletewa kumbukumbu kama hii. Unampenda sana wifi yako."

Nimepigwa makofi maishani, ya haki na ya dhuluma. Hakuna lililoniwasha kama lile.

"Umeandika nini, wifi?" Rula akauliza.

Ningeweza kulivuta daftari. Mkono wangu ulikwenda, lakini daktari alikuwa ameshamsogezea. Rula alisoma kwa kidole, mstari mmoja mara mbili mbili, maana kusoma nako kulikuwa kunamtoroka. Giza lile la kusaidia wagonjwa halikunisaidia mimi. Najua alichosoma kwa sababu nimekiandika mwenyewe.

Jumatatu. Amekuja. Kacheka na Mama Vifungo mara mbili. Mgonjwa huyo.

Jumanne. Hakuja. Kajifunika shuka usoni, anasema mwanga unapiga kelele. Tangu lini mwanga una mdomo.

Jumatano. Nimemwita mara mbili, kaitika ya pili. Maigizo.

Alhamisi. Kachelewa. Kakaa kwenye ngazi ya kumi na moja kajifanya anafunga kiatu. Kiatu hakina kamba.

Pale kwenye kiatu alikaa muda mrefu. "Nilifikiri hakuna aliyeona," alisema. Kisha akarudisha kidole juu mstari mmoja. "Hapa umekosea. Jumatano uliniita mara tatu. Nilisikia zote. Nilikuwa natafuta neno wifi nikuitikie, sikulipata."

Akalifunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha watu.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani nikiwahesabu kunguni mmoja mmoja, wiki tisa, na nikaandika kwamba ni mapambo. Tulirudi nyumbani. Mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa kazi tangu niote meno, njia nzima ulichukua likizo.

Kwa kaka yangu nilianza usiku ule ule. Alikuwa anakula. Nilimwambia alichosema daktari, akatikisa kichwa, akaniambia picha ni picha. Nikamuuliza, si wewe mwenyewe hunisimulia kila siku, friji inanguruma vizuri, taa inawaka, mota haina neno, na maziwa ndani yameganda kwa kuoza? Gesi ikivuja, huiona kwa macho? Akasema hiyo ni tofauti. Nikamuuliza tofauti yake. Alitafuna muda mrefu kitu ambacho naamini alikuwa ameshakimeza. Kesho yake niliona amefunga kitambaa kizito kwenye dirisha la chumba chao, kwa misumari, ovyo ovyo kama afungavyo kila kitu. Samahani yake ikaishia kwenye misumari ile.

Ilibaki Tajiri, na ilibaki meza.

Nilipanda kwake asubuhi na barua ya daktari na daftari langu. Barua hakuisoma, alisema madaktari huandika barua kama wavuvi wanavyosimulia samaki. Daftari alilisoma. Nikamwekea kidole kwenye Jumapili na kwenye Jumanne na Jumatano. Nikamwambia, Tajiri, umelipwa Jumapili tisa. Kwa hizo tisa umepoteza siku kumi na tisa za mkataji katikati ya msimu, na siku hizo cherehani kumi na moja zilikaa zinapiga soga. Hiyo fidia ingeendelea mwaka mzima ungefunga chumba.

Tajiri ni mtu anayeweza kusamehe dhambi, hasara hawezi. Nikaona hesabu inamwingia taratibu kama sindano kwenye turubai.

"Daktari anasemaje?" akauliza.

Nikamwambia: saa mbili asubuhi mpaka saa nne, si zaidi, kila siku kiasi kilekile, apumzike kabla hajachoka na si baada. Redio izimwe. Taa iliyo juu ya meza itolewe balbu. Vipimo aandikiwe kwenye karatasi, na karatasi ya kukatia itiwe alama nyekundu upande mmoja, ili asipoiona nyekundu ajue hajageuza. Akimaliza, Cheti akate yaliyobaki, lakini asikate kabla Rula hajapitisha macho kitambaa kilivyotandazwa. Macho yake hayaumwi, nikamwambia. Na Cheti nimemwona, anatandaza kama anayetandika kitanda cha gesti.

Tajiri alisema Cheti hatakubali kukaguliwa na mwanamke asiye na cheti. Nikamwambia amuulize kwanza Cheti kiuno cha suruali aliyoivaa mwenyewe, halafu amuulize Rula.

"Malipo ya saa mbili," alisema Tajiri.

"Ya saa mbili."

"Na meza inabaki yake?" akauliza.

"Inabaki yake."

Akapiga kalamu juu ya daftari lake la madeni. Alikuwa nalo, jekundu, la jalada gumu. Akasema sawa, lakini deni ni deni, Jumapili zilikuwa kumi na mbili, zimefanywa tisa, na yeye akianza kufuta madeni kwa sababu ya huruma kesho Mama Vifungo atakuja anaumwa kidole. Rula akizimaliza hizo tatu, mpango uanze.

Nikamweleza tena Jumanne na Jumatano. Akasema amesikia, lakini daftari halifungwi na tatu ndani.

"Basi nitazifanya mimi," nikasema.

"Wewe hukati."

"Napiga pasi. Makoti yapo?"

"Yapo mia na ishirini."

"Basi."

Alinitazama kama vile mtu mwingine ameingia ndani ya nguo zangu. Akauliza Rula anajua. Nikamwambia hajui, na asijue, aambiwe tu Jumapili zake zimesogezwa mbele, maana akijua atapanda mwenyewe kwa ukaidi, halafu atalala mpaka sikukuu.

Jumapili ya kwanza nilipiga makoti hamsini. Koti la shule lina kola, mifuko, mgongo, na ile mikono miwili, wa kulia na wa kushoto, na hapo ndipo nilipojua mkono ni kazi. Jumapili ya pili pasi ilinichoma kifundo cha mkono, nikamtukana aliyebuni makoti. Nyumbani niliwaambia naenda kwa rafiki. Mama yangu aliuliza ni rafiki gani huyo anayenirudisha nikinuka mvuke. Jumapili ya tatu nilimaliza saa kumi jioni, nikakaa chini kwenye sakafu kati ya cherehani, nikafikiri: mimi nitalala leo, kesho nitaamka mzima. Nilikaa nalo hilo kidogo kabla ya kushuka ngazi.

Jumatatu saa mbili Rula alikuwa mezani. Balbu ilikuwa imetolewa. Redio ilikuwa kimya, na Mama Vifungo alikuwa ameketi mbele ya redio ile amenuna kama mfiwa, ila amenuna kwa sauti ya chini. Cheti alisimama kando na mkasi wake wa mfuko wa ngozi, akisubiri. Rula aliinama akatazama tabaka za kitambaa usawa wa jicho, akaingiza kidole katikati, akamwambia: la tano limelala mgongo. Cheti akahesabu mpaka la tano, akaligeuza.

Tajiri akapanda na daftari jekundu. Akalifungua juu ya pembe ya meza, akapiga mstari mmoja kwenye jina la Rula, mrefu, kutoka ukingo mpaka ukingo.

"Tajiri," Rula alisema, "mimi nilifanya tisa."

"Zimetimia kumi na mbili."

"Na hizo tatu?"

Tajiri alinyoosha kidevu kuelekea kwenye ubao wangu wa pasi, akafunga daftari, akashuka.

Mimi nilikuwa na kola mkononi, na kola ikishaanza kupigwa pasi haiachwi. Rula alinitazama. Alitazama kifundo cha mkono wangu, pale palipoungua, kisha uso. Nikamwambia asinikodolee, saa mbili zake si za kupotezea kwangu.

"Basi hatudaiani, wifi," alisema, akachukua chaki.